Tufungue Daftari Jipya

Hotuba iliyotolewa katika maadhimisho ya hekalu letu, Tanga



Wasemaji waliotutangulia wameeleza vizuri habari za jengo hili: waliochanga fedha, waliobeba mawe, na waliolinda taa isizimike katika miaka ya dhiki. Sisi tumeombwa tuseme juu ya watu wanaoingia katika jengo hili, jinsi wanavyoishi, wanavyokula na wanavyoshirikiana. Sisi si daktari wala si mwanachuoni. Elimu yetu iliishia sekondari, na tangu hapo tumekuwa nyuma ya kaunta ya duka. Basi mtuwie radhi tukisema kwa lugha ya dukani.

Wenzetu wa asili ya Gujarati wanaijua desturi ya Diwali. Sikukuu hiyo ikifika, mfanyabiashara hufunga vitabu vya hesabu vya mwaka uliokwisha, huweka vipya mbele ya Lakshmi na Ganesh, huviombea baraka, ndipo anapoandika mstari wa kwanza. Majirani zetu mmeziona taa za Diwali miaka yote, lakini pengine hili la vitabu hamkulijua. Wazee wetu walitufundisha kwamba daftari jipya halifunguliwi mpaka la zamani limefungwa kwa haki. Deni lililofichwa katika kitabu cha zamani litamfuata mwenyewe katika kitabu kipya. Kwa hiyo, kabla ya kuwaomba ninyi mbadili lolote, tutalifunga daftari letu wenyewe hapa mbele yenu.

Deni la kwanza ni la siri. Kwa muda wa miaka minne sisi tunaosema nanyi tulikuwa na ugonjwa wa kisukari, wala hatukumwambia mtu isipokuwa mama watoto. Vidonge tuliviweka dukani katika mtoto wa meza, chini ya vitabu vya risiti. Mteja akiingia, tulifunga haraka kama mtu aliyeficha fedha za magendo. Tulikuwa na hofu kwamba wanaotupa mali kauli wakisikia wangesema, "Mzee huyu hana siku nyingi, tusimkopeshe." Tulihofia pia posa ya binti yetu. Na kila Jumapili hapa hekaluni tulipopewa ladu mbili tulikula zote mbili, maana kukataa kungetufichua. Waswahili walisema zamani: mficha maradhi kilio humuumbua. Kilio chetu kilikuwa cha macho. Siku moja tarakimu za daftari zilianza kucheza mbele yetu, na daktari akatueleza kwamba mishipa midogo iliyo nyuma ya jicho imeanza kuharibika. Tunashukuru kwamba tuliwahi kutibiwa.

Tulipoacha kuficha, tuligundua jambo la ajabu. Katika wazee saba tuliokuwa tukikaa pamoja kwenye baraza ya hekalu kila jioni, wanne walikuwa na siri ile ile. Tulikuwa tukipeana jalebi kwa heshima, kila mmoja akimwonea mwenzake haya.

Daktari alitueleza mambo ambayo tungependa kila nyumba iyajue. Sukari iliyomo katika damu huingia katika misuli na viungo kwa msaada wa insulini, inayotengenezwa na kongosho. Katika kisukari cha aina ya pili mwili huacha kuitii insulini, kongosho huchoka, na sukari hubaki katika damu ikiharibu mishipa ya macho, figo, moyo na miguu. Watu wenye asili ya India, Pakistani na Bangladeshi hupatwa na ugonjwa huu kwa urahisi zaidi kuliko Wazungu, hata wasipokuwa wanene sana, kwa kuwa mafuta hukaa tumboni. Kwa sababu hiyo tunashauriwa mwanamume wa asili yetu asizidi sentimita 90 kiunoni, na mwanamke asizidi 80. Kipimo hicho kinatosha kufanywa na utepe wa fundi cherehani. Wengi wetu hudhani kwamba kwa kuwa hatuli nyama tumo salama. Lakini wali mweupe, unga mweupe, samli, vitu vya kukaangwa na chai ya sukari havina nyama, na ndivyo vilivyotufikisha hapa. Na majirani zetu msidhani kwamba maradhi haya ni ya Wahindi. Leo yamo Ngamiani, yamo Chumbageni, yamo hata mashambani ambako zamani hayakusikika.

Habari njema ni kwamba mtu aliyeko ukingoni anaweza kurudi. Mwaka 2001 nchini Finland, na mwaka 2002 nchini Marekani, watafiti walitangaza matokeo yaliyofanana. Watu waliokuwa karibu kupata kisukari walisaidiwa kupunguza uzito kidogo, kula vizuri zaidi na kutembea, na hatari yao ilipungua kwa asilimia 58 wakilinganishwa na wale ambao hawakupata msaada huo. Kule Marekani walitakiwa kufanya mazoezi kwa dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Mwaka 2006 madaktari wa Chennai, India, walitoa matokeo ya watu wa asili yetu wenyewe, na huko nako hatari ilipungua kwa zaidi ya robo. Hawakuwa na dawa mpya. Walikuwa na miguu, sahani, na mtu wa kuwafuatilia.

Tuliposikia hayo tulikwenda kwenye kamati kwa hamasa kubwa, na hapo ndipo tulipokosea. Tulichapisha bango kubwa lenye maneno "Punguzeni Sukari" tukalibandika juu ya meza ya chai. Baada ya mwezi mmoja bango lilikuwa limeingia madoa ya chai, na watu walikuwa wakinywa vikombe vyao chini yake kama kawaida. Tulimwita mtu aje kuhutubia. Wakaja watu tisa, na watano kati yao walikuwa wanakamati. Tukawalaumu watu. Tukasema, "Watu hawa hawataki kubadilika."

Aliyetufumbua macho ni bibi mmoja ambaye amesimamia jiko la hekalu tangu tukiwa vijana. Alituambia, "Ninyi wanaume mnabandika karatasi ukutani, lakini sukari mnataka niitie katika birika. Mtu anayetaka chai bila sukari ataipata wapi?" Kweli, kikombe kilikuwa kimeamuliwa kabla ya mnywaji kufika. Wiki iliyofuata chai ilipikwa na tangawizi na iliki bila sukari, na bakuli la sukari likawekwa pembeni na kijiko kidogo. Hakuna aliyekatazwa. Anayetaka vijiko vitatu atie vitatu mbele ya wenzake. Sisi ndio tunaolipa hesabu ya duka la vyakula vya hekalu, na tuliona kwa macho yetu sukari inayonunuliwa ikishuka hadi chini ya nusu. Bango lile tumeling'oa.

Jambo la prasadi lilikuwa zito zaidi, maana hapo tuligusa ibada. Wazee wengine walisema, na kwa haki, kwamba hawawezi kumtolea Mungu chakula kisicho kitamu. Kikao kiligawanyika, sauti zikapanda. Bibi yule yule, ambaye hakuwa mjumbe wa kamati bali alikuwa ameleta chai, aliomba ruhusa ya kusema. Akasema, "Tangu lini prasadi hupimwa kwa mizani? Chembe moja ya ladu ina baraka sawa na ladu nzima. Sadaka ibaki ilivyo, mkono wa mgawaji ndio upungue." Basi ladu hutolewa madhabahuni kama mababu walivyofanya, kisha hugawiwa vipande vidogo, pamoja na machungwa ya Muheza na matunda ya Lushoto kwa msimu wake. Hakuna aliyeacha kuja hekaluni kwa sababu hiyo. Siku ile pia tuliona aibu kwamba akina mama waliopika kila karamu ya hekalu hili hawakuwahi kukaa katika kikao kilichoamua kitakachopikwa. Leo wawili wao ni wajumbe, na bibi yule ni mmoja wao.

Kuhusu kutembea tulijifunza vivyo hivyo. Tulipotangaza "njooni mtembee kwa ajili ya afya," walikuja wachache na wakapungua. Kisha tukaacha kutangaza, tukaanza kuwapa watu kazi. Kijana mmoja alipewa daftari la mahudhurio. Mwingine alipewa jukumu la kumpitia mzee fulani nyumbani kwake. Mama mmoja aliombwa achague njia. Mtu aliyealikwa kama mgonjwa hutafuta udhuru, lakini mtu anayengojewa na wenzake hutoka hata kukiwa na manyunyu. Na hatukuwatafutia wakati mpya. Tuliuunganisha mwendo na jambo lililokuwepo tayari. Arti ya jioni ikiisha, viatu vikivaliwa, safari ya kuelekea Raskazone huanzia mlangoni. Kutembea baada ya kula huisaidia misuli kuitumia sukari, kwa hiyo hata dakika kumi baada ya chakula zina faida yake.

Kwa wale wanaosema "tumezeeka," tunawakumbusha Mahatma Gandhi. Tarehe 12 Machi 1930 alipotoka Sabarmati kwenda Dandi, mwendo wa kilomita 385 hivi kwa miguu, alikuwa na umri wa miaka 60. Sisi wenye umri huo tunapanda gari kwenda duka la jirani! Lakini somo kubwa zaidi ni lile la chumvi. Alichagua kitu kilichomo katika jiko la kila mtu, tajiri kwa maskini, Mhindu kwa Mwislamu, ili kila mtu aweze kushiriki. Alianza na wafuasi wachache wasiofika mia, na vijiji vikajiunga njiani. Mageuzi ambayo mtu wa kawaida hawezi kuyafanya kwa mikono yake mwenyewe hubaki maneno ya vikaoni.

Sasa tunafika kwenye deni la pili, ambalo ni kubwa kuliko la kwanza. Mhusika ametupa ruhusa tulisimulie, na yupo hapa, amekaa mstari wa mbele.

Tulipoandaa siku ya kwanza ya kupima sukari na shinikizo la damu, tulijivuna sana. Tangazo tuliliandika kwa Kigujarati na Kiingereza. Meza tuliiweka ukumbini ndani. Mlinzi wetu, mzee ambaye amelinda lango hili kwa miaka mingi, alifika alfajiri. Alibeba viti, akafagia ukumbi, akaelekeza magari, akawashika mikono wazee wakati wa kupanda ngazi. Jioni alirudisha viti stoo. Watu wote waliopimwa siku ile walipita mbele yake. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia, "Mzee, nawe kaa."

Miezi michache baadaye alipata kidonda mguuni kwa sababu ya kiatu kibovu. Alikuja dukani kwetu kununua spiriti na bandeji. Alikuja mara tatu. Tulimwuzia mara tatu, na mara zote tulimpunguzia bei, tukajiona tumetenda wema. Sisi, ambao daktari alitueleza kwa urefu kwamba kisukari huua hisia za miguu na kuchelewesha vidonda kupona, tulimtazama mtu mwenye kidonda kisichopona tukamhesabia chenji. Alipopelekwa hospitali sukari yake ilikuwa juu sana, na vidole viwili vya mguu vilikatwa.

Tulikwenda kumwona wodini. Tulimwuliza, "Mzee wetu, siku ile ya vipimo mbona hukupima?" Akatujibu kwa upole, bila hasira yoyote, "Tajiri, mimi nilidhani yale ni mambo ya wenyewe."

Ndugu zetu, tumefanya biashara kwa zaidi ya miaka 40. Tumepata hasara ya moto, hasara ya meli iliyochelewa, na hasara ya wadeni waliohama usiku. Hatujapata kuandika hasara iliyotuuma kama maneno yale matatu ya mwisho. Mtu aliyekula chumvi yetu miaka yote hiyo, aliyeyajua majina ya wajukuu zetu, alijihesabu kuwa si mwenyewe. Wala hakukosea. Sisi ndio tuliomfundisha hivyo, kwa lugha ya tangazo letu, kwa mahali tulipoweka meza, na kwa kunyamaza kwetu.

Mara ya pili tulifanya tofauti. Tangazo liliandikwa kwa Kiswahili. Tulikwenda wenyewe kwa mwenyekiti wa mtaa, tukaomba atusaidie kuwaambia watu, na waliofika wakaambiwa kwamba hakuna atakayetakiwa kuvua viatu wala kuingia mahali pa ibada asipopenda. Meza iliwekwa nje ya lango, chini ya mwarobaini. Kiti cha kwanza alikaa mzee wetu wa lango. Kisha wakaja vijana wa bodaboda, mama lishe wa kona ile, fundi baiskeli, wachuuzi wa machungwa, na waumini waliotoka msikitini. Muuguzi alitumia sindano mpya kwa kila mtu, na aliyekutwa na sukari ya juu aliandikiwa karatasi aende zahanati akapimwe upya, maana kipimo cha kidole peke yake hakitoshi kumwita mtu mgonjwa. Vijana wetu wa sekondari waliandika majina. Baada ya wiki mbili walipita kwa wale walioandikiwa karatasi kuuliza kama wamekwenda. Kazi hii ya kufuatilia haionekani, haipigwi picha, lakini bila hiyo vipimo ni maonyesho tu.

Na faida haikwenda upande mmoja. Mama lishe yule ndiye aliyewafundisha akina mama wetu kupika kunde na mchicha kwa mafuta kidogo. Fundi baiskeli aliwarudisha vijana wetu wawili kwenye baiskeli, chombo ambacho mji huu wa Tanga umekijua tangu zamani. Wengine kati yenu, majirani, hutembea nasi jioni. Tulidhani tunatoa msaada, kumbe tunapokea.

Mzee wetu wa lango amerudi kazini. Sasa hufanya kazi ya mchana, akiwa na kiti na viatu vya kumfaa, na hospitali anakwenda kila mwezi kwa gharama ya hekalu. Hatusemi hayo ili tusifiwe, vidole havirudi. Tunasema ili kijana atakayeisoma hotuba hii katika kitabu cha maadhimisho, wakati sisi hatupo, ajue kwamba hekalu hili lilipata kufanya kosa hilo, na asilirudie.

Kwa hiyo tunawaombeni mambo matatu, nayo tumeyaandika katika ukurasa wa kwanza wa daftari jipya.

La kwanza, kila mmoja wenu amwambie mtu mmoja siri ya afya anayoificha. Si lazima iwe mkutanoni. Mwambie mkeo, mumeo, mwanao, au rafiki wa baraza. Maradhi yanayojulikana na watu wawili yana mtu wa kuuliza, "Leo umemeza dawa?"

La pili, kila nyumba ibadili kitu kimoja kidogo ambacho hakihitaji ushujaa wa kila siku. Sukari itoke katika birika. Viatu vya kutembelea vikae mlangoni, visikae kabatini. Chumvi iondoke mezani. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha afya hujazwa hivyo hivyo.

La tatu, kila tunapoandaa jambo jema, kabla ya kulianza, tumtafute mtu anayebeba viti. Tumwulize jina lake, tumwulize kama amekaa, kama amekula, kama amepimwa. Katika nyumba zetu yupo msaidizi wa jikoni, yupo dereva, yupo kijana wa kupakua mizigo. Kama kheri yetu haijawafikia hao walio hatua tano kutoka kwetu, tusijisifu kwamba imefika mtaani.

Siku ya vipimo ijayo imepangwa baada ya Diwali, chini ya mwarobaini ule ule. Daftari la kujiandikisha liko langoni, na anayelitunza ni mzee wetu mwenyewe. Tunawaomba msitoke leo kabla ya kumpa mkono na kumpa majina yenu. Sisi tumekwisha andika la kwetu.

Mwenyezi Mungu aubariki mji wetu, awalinde watoto wetu, na atupe sote miguu ya kutufikisha kwa majirani.